Kuongeza raifoli ya kaliba kubwa kwenye leseni: barua yangu imerudishwa, niandike sababu gani?

Mkulima wa Sabaki (Malindi)

Assalamu alaikum wenzangu, na wazee mlioko humu nawaamkua, shikamooni.

Nina leseni ya silaha tangu mwaka 2012, na ndani yake zimeandikwa silaha mbili: shotgani ya marisau, na raifoli ndogo ya kaliba (yaani upana wa mtutu, kwa inchi) ya .22 iliyokuwa ya marehemu baba, ambayo nilihamishiwa baada ya taratibu zote kufuatwa. Katika zoezi la kuwakagua upya raia wote wenye bunduki, lile lililoanza Desemba 2018, nilipeleka silaha zangu zote mbili, nikachukuliwa alama za vidole, na nikapita bila dosari yoyote.

Shamba langu liko ukingoni mwa Mto Sabaki, juu kidogo ya Lango Baya. Ni ekari 11 za mahindi, migomba na miembe michache. Tangu mto upungue, viboko wanapanda kila usiku kwa njia ile ile, na usiku wa kuamkia Ijumaa iliyopita walilaza migomba safu nne nzima. Walipokuwa wakirudi majini alfajiri, mmoja alisimama hatua kama 20 kutoka kwenye dungu analolala mlinzi wangu, kijana mwenye mke na mtoto mchanga. Aliniambia alizisikia pumzi za mnyama yule kama mtu anayevuta jahazi mchangani. Tangu siku hiyo sina usingizi.

Risasi ya .22 haimfanyi kitu kiboko, na marisau yatamkasirisha tu. Nikaandika barua kuomba niongezewe raifoli ya .375 H&H, na sababu niliyoitoa ni moja na ya kweli, kwamba nataka kulinda shamba na watu wangu dhidi ya viboko. Afisa aliyeipokea aliisoma mara moja, akanirudishia, akasema sababu haitoshi, wala hakunieleza inayotosha ni ipi. Nimesafiri siku nzima kwa jibu la maneno mawili.

Naomba mnifahamishe: je, kaliba kubwa huongezwa kwenye leseni ile ile, au ni maombi mapya kabisa? Nikiiuza ile .22 ili ipatikane nafasi, itasaidia? Na sababu yenyewe niiandike vipi ili ikubalike?

Mzee wa Mkunumbi (Lamu Bara)

Wa alaikum salaam mwanangu, marahaba. Pole kwa migomba, na mpe pole kijana wako pia, kwa kuwa ninaijua pumzi hiyo anayoisema. Nimefanya kazi ya uaskari wa wanyamapori kwa miaka mingi kabla sijastaafu, na huku kwetu Ziwa Kenyatta lina viboko wake, kwa hiyo nitakujibu kama mtu aliyesimama pande zote mbili, upande wa shamba na upande wa sheria.

Afisa yule alikosea kutokufafanulia, lakini hakukosea kuirudisha barua. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977 na haujafunguliwa tena. Kiboko anapopanda shambani mwako habadiliki kuwa mali yako, bali hubaki kuwa mnyama wa serikali, na kazi ya kumfukuza, kumhamisha au kumuua ikibidi ni ya KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya. Sasa itazame barua yako kwa jicho la bodi inayotoa leseni. Umeomba chombo, na ukataja kazi ambayo sheria haikuruhusu kuifanya. Hata ungeipamba kwa lugha gani, barua hiyo inaomba ruhusa ya kutenda kosa. Bahati yako ni kwamba imerudishwa mkononi. Ingepanda juu ikaingia kwenye faili lako, mtu angeweza kuuliza kama hata hizo silaha mbili ulizo nazo unazitumia kwa mujibu wa leseni.

Nikueleze pia jambo nililoliona kwa macho yangu, kwa sababu watu huona kaliba kubwa kama dawa. Mwaka mmoja mkulima wa jirani alimpiga mbogo kwa shotgani usiku, kwenye mahindi, kwa taa ya kichwani. Mbogo akaondoka na marisau mwilini. Tuliitwa asubuhi, tukafuata damu ndani ya kichaka kwa saa nne, watu watatu wenye bunduki kubwa, na hakuna aliyekuwa akizungumza. Njiani tulipishana na kina mama wawili waliokwenda kuokota kuni, na wao hawakuwa na habari kwamba mbele yao kuna mnyama aliyejeruhiwa amejificha. Tuliwarudisha, na mbogo tukamkuta umbali usiofika urefu wa uwanja wa mpira kutoka pale walipokuwa wakielekea. Askari mwenye kazi hiyo huenda na mwenziwe, tena mchana, kwa sababu mnyama aliyejeruhiwa ni hatari kuliko yule aliyekuja kula tu. Wewe na .375 yako ungekuwa peke yako, gizani, na kijana wako dunguni.

Njia yako ni nyingine. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka fidia: shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine, na mazao hulipwa kwa bei ya soko. Madai hupitia kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia. Malipo huchelewa, sitakudanganya, na kuna watu huku waliosubiri hadi wakachoka. Lakini zingatia sharti hili: mazao hayalipwi ikiwa mwenye shamba hakuchukua hatua za kawaida za kujikinga. Kwa hiyo ua, mtaro, taa na ulinzi vina kazi mbili, kumzuia kiboko na kuyapa nguvu madai yako. Na dungu lisiwe kwenye njia yao. Kiboko hushika njia moja miaka na miaka, na atakayesimama kati yake na maji alfajiri yumo hatarini hata kama hana nia mbaya. Mhamishe kijana leo, kabla ya barua yoyote.

Mmalindi wa Uskoti

Salaam nyote. Mimi ni mzaliwa wa Shela, Malindi, na sasa ni mwaka wa tisa nafanya kazi kwenye shamba kubwa la milimani huku Uskoti, ambako kupunguza kulungu ni sehemu ya kazi. Nimepitia jambo hili hili la kuongeza kaliba, chini ya sheria ya Uingereza, na naleta uzoefu huo kwa sababu sheria yetu ya silaha imejengwa kwa mfano wa zile za Waingereza, na mantiki yake inafanana, ingawa mambo yanayoruhusiwa si sawa hata kidogo.

Huku cheti hudumu miaka 5, na kila silaha iliyomo lazima iwe na sababu yake njema. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Mtu hudhani kwamba akiaminiwa kwa .22 ameaminiwa kwa zote, kumbe polisi hawaulizi tu wewe ni nani, wanauliza pia kaliba hii ni ya kazi gani na itafanyiwa wapi. Mimi nilianza na .22 kwa ajili ya sungura. Nilipoomba .308, nilieleza mnyama, nikaambatisha barua ya mwenye ardhi, na afisa akaja kutembea nami shambani akitazama nyuma ya kila mahali ambapo ningeweza kupiga: je, kuna kilima cha kuipokea risasi ikimkosa mnyama? Alisimama muda mrefu mahali pamoja penye njia ya wapita kwa miguu chini ya mteremko. Nilimwambia hapo sipigi kamwe, na nikaona analiandika jibu hilo kwenye daftari lake.

Kaliba yenyewe haikuwa ubishi, kwa sababu sheria imeipa kipimo. Kwa kulungu wakubwa hapa Uskoti, risasi lazima itoke kwa mwendo usiopungua futi 2,450 kwa sekunde, na nguvu ya mdomoni mwa mtutu isipungue futi-pauni 1,750. Kichwa cha risasi kilikuwa lazima kiwe na uzito wa greni 100 (kama gramu 6 na nusu), na mwaka 2023 kikapunguzwa hadi 80. Kwa hiyo mtu mwenye .22 akiomba kaliba kubwa kwa ajili ya kulungu, sheria yenyewe inamsemea, kwa maana ile ndogo imekatazwa kwa kazi hiyo. Wewe, ndugu yangu, hali yako ni kinyume: kazi unayoitaja imekatazwa kwa kaliba zote. Hilo ndilo lililokurudisha.

Kuhusu kuuza .22: huku, ukiondoa silaha moja na kuweka nyingine mahali pake, mabadiliko hayo hayalipiwi, na ukiongeza unalipia. Lakini hata ukibadilisha moja kwa moja, sababu ya ile mpya inachunguzwa kana kwamba hukuwahi kuwa na bunduki. Nafasi tupu kwenye leseni haijawahi kuwa sababu. Usiiuze ya marehemu baba kwa tamaa hiyo.

Na tafadhali usije ukabadilisha maneno ili yapite, ukaandika shabaha wakati moyoni ni viboko. Siku itakayolia bunduki hiyo mtoni, kitu cha kwanza kitakachofunguliwa ni barua uliyoandika.

Mlenga Shabaha (Mambrui)

Naafikiana na waliotangulia, na nataka kuongeza upande wa chombo chenyewe, kwa kuwa nimewahi kuishika .375 H&H kwa rafiki yangu aliyekuwa akifanya kazi kwenye vitalu vya uwindaji nchini Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii bado upo kwa vibali na .375 ndicho kiwango cha chini kwa wanyama hatari. Risasi hiyo ni ya mwaka 1912. Kichwa chake cha kawaida ni greni 300, yaani gramu 19 na kitu, na nguvu yake inapita futi-pauni 4,000, ambayo ni kama mara 30 ya .22 yako. Ukiilaza risasi moja kwenye kiganja, inatoka kwenye mkunjo wa kifundo hadi inakaribia shina la vidole. Nilipiga tatu tu, nikaweka bunduki chini, na bega langu lilikuwa na alama ya samawati kwa juma zima.

Sasa fikiria ardhi yetu. Yule bwana wa Uskoti ametaja kilima cha kuipokea risasi. Ukingo wa Sabaki ni tambarare, ng'ambo kuna mashamba na nyumba, na mto hauizuii risasi, bali ikigonga maji kwa ulalo huruka na kuendelea mbele. Hata .22, ambayo watu huichukulia kama mchezo, inaweza kudhuru mtu zaidi ya kilomita moja na nusu kutoka ilipotoka. Kila ninapopita Lango Baya naona moshi wa majiko ng'ambo, na sioni mahali hata pamoja ambapo ningekubali kufyatua kaliba kubwa usiku.

Kwa maswali yako ya taratibu: leseni inataja silaha mahususi, kwa aina, kaliba na namba yake, pamoja na risasi zake. Kwa hiyo raifoli mpya haijifichi chini ya leseni ya zamani. Lazima iombewe na iidhinishwe ndipo uinunue, na usimlipe muuzaji hata amana kabla hujapata idhini hiyo kwa maandishi. Ikiwa siku moja utapenda shabaha kwa dhati, jiunge kwanza na chama cha walenga shabaha, hudhuria, ujulikane, kisha uombe kaliba inayotumika kwenye uwanja wao, na barua ya chama iwe ndiyo inayokusemea. Hapo hutahitaji .375 hata kidogo.

Jambo moja la pembeni, kwa kuwa umesema .22 ni ya marehemu: pwani hii chumvi haina huruma. Usiiweke ndani ya mfuko wa ngozi. Niliwahi kuiacha yangu humo wakati wa kusi, siku sita tu, na nilipoitoa mtutu ulikuwa na madoa ya rangi ya mdalasini mahali ngozi ilipogusa chuma. Ipake mafuta, iache wazi ndani ya sefu, na uifungue kila juma.

Mkulima wa Sabaki (Malindi)

Nawashukuru kwa dhati, na hasa Mzee wangu wa Mkunumbi. Dungu tumelihamisha jana jioni, liko upande wa miembe, na kijana amelala humo salama. Barua ya .375 nimeiweka kando, sitaipeleka tena, na .22 ya baba inabaki. Leo nimeifungua, na kweli karibu na kifyatulio palikuwa pameanza kuota kutu.

Nataka kesho niende KWS kuripoti na kuanza madai ya migomba. Je, nibebe nini ili nisirudishwe tena kwa maneno mawili?

Mzee wa Mkunumbi (Lamu Bara)

Beba picha, mwanangu, na uzipige alfajiri kabla watu hawajakanyaga na kabla jua halijaukausha udongo. Unyayo wa kiboko una vidole vinne vilivyotanuka, na mbogo ana kwato mbili, kwa hiyo atakayeitazama picha atajua bila kubishana. Weka futi au hata kisanduku cha kiberiti kando ya unyayo ili ukubwa uonekane. Hesabu mashina ya migomba moja moja, yaliyolala na yaliyoliwa, uandike idadi na tarehe, na umwite mzee wa mtaa aone kwa macho yake na atie sahihi. Piga picha ya ua pia, hata kama ni wa miiba tu. Usiyang'oe mashina yaliyolala mpaka afisa afike. Ukipewa namba ya ripoti, iandike mahali pawili.