Tupeane uzoefu: nani amewahi kuona maonyesho makubwa ya treni ndogo za Noeli?

Yaya Bonane
Wa nyumbani, jambo yenu. Mdogo wangu aliye Hamburg amenitumia video. Mtoto wake amebandika pua kwenye kioo, treni zinapita milimani, ndege ndogo inaruka, halafu mji wote unaingia usiku na taa zinawaka moja moja. Nimeitazama mpaka umeme ukakatika. Nikakumbuka vitrini, lile dirisha la kioo la kuonyeshea bidhaa, ya duka moja la hapa mjini Lubumbashi, wa rika langu mnalijua, walikuwa wanazungusha treni chini ya mti wa Noeli. Sisi wa mtaa wa Kamalondo tunatoka kwa miguu kwenda kusimama nje. Basi tupeane uzoefu: uliona wapi, na nani, ilikuwaje. Na mwenye kujua aniambie, treni na Noeli wapi na wapi? Yesu alizaliwa zizini, si kwenye gare, stesheni ya treni.

Kijana wa Katuba
Vitrini ile naijua. Mlinzi wake naye namjua, fimbo yake zaidi.

Mwalimu wa Ruashi
Yaya, chanzo ni biashara. Wajerumani wa Märklin, kule Göppingen, mwaka 1891 walipeleka kwenye maonyesho ya Leipzig treni za kuchezea zenye upana wa reli uliopangwa, ili kila kipande kikubali kuungana na kingine. Noeli hii unamnunulia mtoto mashini ya kuvuta na mabehewa mawili, ijayo daraja, ijayo gare. Mzazi hamalizi. Marekani nako kuna Joshua Lionel Cowen, alianza New York mwaka 1900. Wanasimulia kwamba treni yake ya kwanza hakumtengenezea mtoto hata kidogo. Ilikuwa ya kuzunguka kwenye dirisha la duka ili wapita njia wasimame. Wakasimama, kisha wakaingia kuomba kuuziwa ile ya dirishani yenyewe.

Toto ya Kenia
Kwa hiyo na nyinyi wa Kamalondo mlikuwa mnavutwa na matangazo. Tena bila pesa mfukoni.

Yaya Bonane
Toto, tulikuwa na macho. Macho hayalipishwi.

Mama Mapacha
Mimi nimefika mahali hapo pa video. Panaitwa Miniatur Wunderland, pamefunguliwa 2001 na ndugu wawili mapacha, ndiyo maana shemeji yangu alisema lazima wanangu wapelekwe, mapacha kwa mapacha. Ni kwenye maghala ya zamani ya bandarini, ya matofali mekundu. Shemeji alichagua siku za kuelekea Noeli, na Hamburg nzima ilikuwa imechagua hizo hizo. Foleni! Tike yako ina saa yake, usipofika saa hiyo shauri yako.

Ndani lakini, wacheni. Kila robo saa mchana unakuwa usiku. Taa za ukumbi zinafifia, nyumba ndogo zinawaka, magari yanawasha taa. Yale magari yanatembea yenyewe barabarani, yanasimama kwenye makutano, na gari za zimamoto zinatoka kwa msururu kwenda kuzima moto. Kuna vitufe unabonyeza, kitu fulani kinatikisika kule ndani. Wanangu walipigania kitufe kimoja mpaka mzee mmoja Mjerumani akawapangia zamu kwa saa yake ya mkononi. Mimi nilizunguka natafuta kona ya Kongo. Sikuiona. Uswisi ipo, Italia ipo, Marekani ipo.

Ushauri: watoto waende chooni KABLA.

Toto ya Kenia
Na pesa ya tike za watu wanne? Hiyo ni mifuko ya bunga, mama. Watu wanakula bukari, ugali, hapa Lubumbashi mara moja kwa siku, nyie mnalipa kutazama plastiki inazunguka.

Mama Mapacha
Alilipa shemeji. Ukitaka nimwambie akutumie bunga, niambie.

Kijana wa Katuba
Toto, mwaka jana sikukuu ya Bonane, ya Mwaka Mpya, ulikunywa mifuko mingapi ya bunga? Tuko hapa, tulikuona.

Mtu wa Likasi
Mimi maonyesho yangu yalikuwa nyumbani. Mjomba alirudi kutoka Marekani na treni ya umeme, ya chuma, nzito. Mkesha wa Noeli nyumba imejaa, majirani wamekuja, watoto tumepangwa kwenye mkeka, mjomba amevaa suti. Reli ilikataa kuenea mezani, ikapangwa chini, ikazunguka miguu ya kabati. Sasa, umeme wa kule ni volti 120, wetu ni 220. Mjomba alijua Kiingereza chote isipokuwa kile kilichoandikwa nyuma ya transfoma.

Akachomeka. Treni haikuondoka, ilitoroka. Ikapiga kona ya kwanza, ikaingia chini ya kabati, na kabati likaanza kutoa moshi. Nkambo, bibi yetu, akapiga vigelegele. Alidhani ndivyo ilivyotengenezwa.

Yaya Bonane
Nimekufa 😂😂

Fundi Umeme
Dawa yake ni ndogo. Unanunua transfoma ya kushusha 220 hadi 110, unaiweka katikati. Basi.

Kijana wa Katuba
Au achana na ukuta kabisa, weka batri ya pikipiki. Volti 12 zinatosha, treni nyingi za kuchezea zinatembea kwa hizo hizo.

Fundi Umeme
Msimsikilize huyu. Kijiko kikianguka juu ya reli mbili, batri haina cha kuizuia, waya zitawaka moto. Weka fyuzi.

Kijana wa Katuba
Nani anakula karibu na treni?

Mjukuu wa Mashinisti
Nilikuwa nasoma tu, lakini mmenigusa. Nkambo wangu, babu, alikuwa mashinisti, dereva wa treni, hapa Lubumbashi. Alianza kijana, akilisha moto kwenye mashini za mvuke, akamalizia kwenye za umeme. Alipostaafu, mama akamwita Liège, Ubelgiji, akatembee. Desemba, baridi, saa kumi na moja jioni giza kabisa, mzee amevalishwa makoti mawili. Kukaa ndani kukamchosha. Mama akasikia kuna wazee wa mtaa, wapenzi wa treni ndogo, wameweka maonyesho ya Noeli kwenye ukumbi wa parokia. Tukaenda, mimi, mama na yeye.

Ukumbi umejaa watoto. Meza kuanzia ukutani hadi ukutani, theluji ya pamba, mlima wenye handaki, daraja refu, treni nyingi. Wazee wenyewe wamevaa kofia za reli, wamesimama ndani ya kamba. Nkambo hakucheka, hakusema kitu. Aliweka mikono nyuma akawa anatembea polepole kando ya kamba, anatazama hivi, anainama, anaendelea. Mama akaninong'oneza, "Baba anakagua."

Halafu nikamwona amesimama ghafla mbele ya handaki. Treni ya mizigo ilikuwa imetoka. Akaitazama mpaka mkia. Akageuka akatazama handaki. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya gare, "Haina alama ya nyuma!"

Hakuna aliyeelewa. Mimi mwenyewe sikuelewa. Kumbe kazini kwao treni ikipita, mtu wa stesheni anatazama behewa la mwisho. Alama nyekundu ikiwepo, treni imefika yote. Isipokuwepo, kuna mabehewa yamebaki njiani, na hairuhusiwi treni nyingine kuingia. Yeye alikuwa ameihesabu inaingia na ameihesabu inatoka. Na nyuma yake treni ya abiria, nzuri, nyekundu, inakuja mbio kwenye reli ile ile.

"Simamisha! Simamisha!" Wale wazee wanamtazama. Anapiga Kifaransa, "Arrêtez!", wanadhani ni mgonjwa. Mama anamvuta koti. Koti la juu likabaki mkononi mwa mama, mzee akavuka kamba, mtu wa miaka sabini na kitu, akaegemea mlima kwa kiwiko, akaikamata treni ya abiria kwa mkono mlangoni mwa handaki. Daraja likavunjika. Lote. Ukumbi kimya, kisha mtoto mmoja akaanza kulia, kisha wote.

Mkubwa wao alikuja amekuwa mwekundu hadi masikio. Maneno aliyosema siyaandiki hapa. Nkambo alikuwa bado ameshika treni, anatetemeka, anamwambia, "Tazama ndani." Hakutazama. Tulitolewa nje. Tukiwa mlangoni mmoja wao, mwembamba, aliingiza mkono handakini akatoa mabehewa mawili. Aliyaangalia tu, akayaweka mezani. Mama alikuwa ameshalipa daraja.

Yaya Bonane
Mungu wangu.

Mama Mapacha
Nimelia ofisini. Nkambo alikuwa na haki!

Toto ya Kenia
Haki ya kuvunja vitu vya watu? Ile ni michezo. Zikigongana, unaziokota.

Mjukuu wa Mashinisti
Toto, mtu aliyebeba watu maisha yake yote ataanzaje saa ile kukumbuka kwamba ni michezo?

Fundi Umeme
Samahani Mjukuu, hadithi nzuri lakini ina tundu. Maonyesho makubwa kama hayo reli imegawanywa vipande, kila kipande kinajua kama kina treni. Kikiwa na kitu, treni ya nyuma inasimama yenyewe. Nkambo angesubiri kidogo tu.

Mwalimu wa Ruashi
Fundi, kinajuaje?

Fundi Umeme
Kinaona umeme unaoliwa. Mashini inakula umeme, behewa lenye taa linakula umeme.

Mwalimu wa Ruashi
Na behewa la mizigo lisilo na mota wala taa linakula nini?

Fundi Umeme
...

Fundi Umeme
Kuna wanaopaka eksi za mabehewa, vile vyuma vya kuunganisha magurudumu, dawa ya kupitisha umeme kidogo ili yaonekane.

Mjukuu wa Mashinisti
Hawa hawakupaka. Na alama ya nyuma ilikuwa kibao chekundu cha karatasi, si taa. Nilikiona kwenye lile behewa lililotolewa.

Kijana wa Katuba
Fundi amepita signali nyekundu 😂

Mgeni wa Bronx
Niingize yangu kabla hamjapigana. Nipo New York. Kuna bustani kubwa ya mimea hapa Bronx, New York Botanical Garden. Tangu 1992 kila Noeli wanapitisha treni ndani ya nyumba yao ya vioo, kati ya majengo maarufu ya mji. Na majengo yote ni ya magome, vijiti, mbegu, majani makavu, hata uyoga. Daraja la Brooklyn la vijiti linapita juu ya kichwa chako na treni inatembea humo. Nje baridi inakata masikio, ndani joto la Lubumbashi la mwezi wa kumi na mbili, miwani inafunga ukungu. Nilisimama pale nikawaza mabua tuliyokuwa tunachongea motokari, mama anayafagia anasema uchafu.

Fundi Waya
Mgeni, umesema kweli. Miye sikuonaka vitrini, Ulaya sikuendaka. Sisi tulitengenezaka. Waya ya lupango, ya uzio, njo chasi, makopo ya sardini njo mabehewa, vifuniko vya chupa njo magurudumu. Kwetu mtaa wa Kampemba mvua ikinyesha, tope inakauka kaloko, kidogo tu, unakokota katreni kako, magurudumu yanachora reli yenyewe. Mizigo ilikuwa yale mawe ya kijani ya shaba, tuliyaokota mingi. Treni ya wakubwa inapita na madini, ya kwetu inapita kando na madini. Mpaka leo minatengeneza. Kwa Noeli minauza.

Toto ya Kenia
Bei gani?

Mama Mapacha
Huyu si ndiye wa mifuko ya bunga?

Toto ya Kenia
Nina mtoto.

Mwalimu wa Ruashi
Fundi Waya, kwa nini tusifanye ya kwetu kubwa? Nimepiga hesabu. Kipimo cha kule Hamburg ni 1 kwa 87, yaani kila kitu kinapunguzwa mara 87. Reli yetu yenye upana wa milimita 1067 inakuwa kama milimita 12. Ya Ulaya, 1435, inatoka 16 na nusu, kwa hiyo treni zao hazitaingia kwetu, tutachonga zetu. Bomba la moshi la Gécamines, ile kampuni ya madini, mita 153, linakuwa mita moja na sentimita 76.

Kijana wa Katuba
Mita moja na 76 ni mimi huyu. Nipakeni rangi, nitasimama.

Mwalimu wa Ruashi
Na ule mlima mweusi wa mabaki ya madini pembeni yake, tutautengeneza kwa mkaa uliosagwa, magunia mawili.

Yaya Bonane
Magunia mawili ya mkaa msimu huu wa mvua? Mwalimu, tutapikia kwanza.

Fundi Umeme
Umeme nitaleta mimi. Na eksi zote nitapaka, nkambo wa Mjukuu asije akatuvunjia bomba la moshi.

Kijana wa Katuba
Bomba nina mke na watoto, jamani.

Mama Mapacha
Mjukuu, na lile daraja, mama alilipa kiasi gani?

Mjukuu wa Mashinisti
Mama hajasema hadi leo. Nkambo anasema lilikuwa la plasta, halina nguzo za kutosha, lingeanguka Pasaka.