Breki ya diski ya mbele: pedi, diski na mengineyo, tupeane uzoefu

Wakuu, salaam.

Pikipiki zenye diski mbele zimekuwa nyingi mtaani, siyo Pulsar na Apache pekee, hata za kubebea abiria ambazo zamani ilikuwa dramu tu. Shida ni kwamba mafundi wengi wa kijiweni wamekulia kwenye breki shuu na waya. Ukimpelekea diski anachomoa pedi, anaweka mpya, anapokea hela yake, kwisha. Wiki chache mbele breki inalia au inanata, na lawama zote anabebeshwa Mchina aliyetengeneza pedi.

Mimi pikipiki yangu naifungua mwenyewe, na kwa niliyoyaona pedi inasingiziwa sana. Naanza na yangu, kisha nanyi mwageni ya kwenu. Tuelezane tuliyoyashika kwa mkono, siyo ya kusikia.

Pedi ya upande wa pistoni (kile kichuma kinachoisukuma pedi) ilikuwa imekwisha hadi inakaribia chuma, mwenzake wa upande wa pili bado nene kabisa. Kalipa (kile kifaa kinachobeba pedi na kuzibana kwenye diski) za namna hii zina pistoni upande mmoja tu, halafu kalipa yenyewe inatembea juu ya pini mbili ili pedi zote zibane sawa. Nilipovua vile vimpira na kuchomoa pini, moja ilitoka kwa kuzungusha na koleo. Grisi ilikuwa imegeuka tope gumu jekundu, vumbi tupu. Kalipa haitembei, kwa hiyo pedi moja inafanya kazi ya mbili. Ningebadili pedi peke yake, mpya nazo zingekwenda njia ileile. Nikasafisha pini na matundu yake, nikapaka grisi ya silikoni. Grisi ya beringi usiiweke hapo, inavimbisha mpira na pini inanata upya.

Jambo jingine, pistoni isirudishwe ndani ikiwa chafu. Safisha kwanza ile sehemu iliyochomoza, kwa mswaki mkuukuu na mafuta ya breki yenyewe, la sivyo unazika mchanga kwenye sili, yaani mpira unaozuia mafuta yasivuje. Na unapoisukuma angalia kikopo cha juu kwenye usukani, mafuta yanapanda na yakimwagika kwenye tangi yanaondoka na rangi. Ukishafunga, minya mkono wa breki hadi ukaze KABLA hujaondoka. Minyo la kwanza huwa halina kitu.

Karibuni.

Mdau wa Lushoto

Mkuu umeanza vizuri. Sisi huku shida yetu ni mteremko. Kutoka Lushoto hadi Mombo ukiwa na magunia ya karoti nyuma, breki inafanya kazi bila kupumzika. Kuna siku nipo kona za katikati, mkono wa breki ukaanza kuwa laini, mara ukagusa mpini kabisa. Nikarudisha gia ya pili, nikabana na ya nyuma, nikasimama pembeni. Nikakaa hadi ikapoa, ikarudi kama vile hakuna kilichotokea. Fundi wa kwanza akasema pedi. Pedi zilikuwa nzima!

Aliyenisaidia ni fundi wa magari. Alifungua kikopo akanionyesha mafuta ya breki, meusi kama chai ya rangi iliyolala. Mafuta haya yanavuta unyevu wa hewani taratibu, na maji yakishaingia yanachemka mapema. DOT 4, moja ya madaraja ya mafuta ya breki, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishanywa maji kiwango chake cha chini ni 155. Kwenye mteremko na mzigo, kalipa inazifikia hizo. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unaminyika, mafuta hayaminyiki. Ndiyo maana mkono ulizama.

Sasa namwaga yote kila baada ya miaka miwili hata kama breki inashika. Na kinachoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo ndicho unachoweka. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na hizi.

Mdau wa Mbagala

Yangu ilikuwa inalia kama mbuzi na haishiki. Nikabadilishiwa pedi, ikashika siku mbili tatu, ikarudi kulekule. Kumbe shokapu ya mbele upande wa diski sili imekufa, mafuta yanachuruzika kidogokidogo yanaishia kwenye diski. Ukipitisha kidole kwenye bomba la shokapu unaona mstari wa mafuta. Nimebadili sili, nimefuta diski kwa spiriti, pedi mpya, kelele zimekwisha.

Na wale wanaooshea breki kwa mafuta ya taa waache. Yanaacha utando.

Mdau wa Morogoro

Pedi zikilowa mafuta siyo lazima utupe. Mimi nazichoma na petroli kidogo, napiga msasa, maisha yanaendelea.

Mdau wa Lushoto

Mkuu wa Morogoro, hapo sikuungi mkono, labda kwenye tambarare zenu. Mafuta yanazama ndani ya pedi, unachochoma ni cha juu. Tena ule moto unalegeza gundi inayoshika pedi kwenye bati lake. Nimeona moja imebanduka, limebaki bati linasaga diski. Msasa ni kwa pedi iliyong'aa tu, isiyo na mafuta.

Mdau wa Morogoro

Sawa, nimekuelewa. Ila hela ya pedi kila mara nayo ni maumivu.

Mdau wa Mombasa

Jamani, huku kwetu adui ni chumvi. Ukilaza pikipiki nje usiku mmoja upepo wa bahari ukivuma, asubuhi diski ina kutu ya rangi ya chungwa. Hiyo isikutishe, ukibana breki mara kadhaa inapanguka. Ya kuogopa ni inayokula pale usipoona: pini za pedi, boliti za diski, kingo za pistoni.

Nilipotaka kubadili diski, boliti mbili zilikataa kata kata. Kiwandani huwa wanazipaka gundi ya nyuzi (ya kuzuia boliti isilegee), ukiongeza kutu ndiyo basi. Fundi mmoja alitaka kuzikata kwa tindo, nikamzuia. Mwingine akazipasha moto kidogo kwanza, akaingiza aleni (ufunguo wa pembe sita) iliyokaa barabara, akaigonga kwa nyundo ili izame, ndipo akazungusha. Zikatoka. Wakati wa kurudisha weka boliti mpya na gundi ya nyuzi, ukaze kwa kukingamisha, siyo kwa kufuata mduara. Na uangalie mshale kwenye diski, zipo zenye upande wa kuzunguka.

Kujua kama diski imekwisha, tafuta maandishi madogo MIN TH (unene wa chini kabisa unaoruhusiwa) yaliyogongwa karibu na katikati. Diski nyingi za pikipiki ndogo huwa na milimita 4 zikiwa mpya na kikomo ni 3.5 au karibu na hapo, lakini fuata namba ya yako. Pima pale pedi inapopita, siyo ukingoni, maana ukingo hauliki na utakudanganya.

Mdau wa Nairobi

Kuongezea kwa ndugu wa Mombasa: ukienda Kirinyaga Road kutafuta diski, beba ile ya zamani mkononi. Kutaja jina la pikipiki pekee hakutoshi. Linganisha idadi ya matundu ya boliti, upana wa shimo la katikati na upana wa nje. Zinafanana sana kwa macho.

Pia, ukihisi mkono wa breki unakupiga vidoleni kwa mapigo, inua gurudumu, funga kipande cha waya kwenye shokapu ncha ikaribie diski, kisha zungusha. Pengo likipanuka na kubana, imepinda. Kuna mafundi hapa huinyoosha kwa nyundo. Mimi siwezi kuamini diski iliyopigwa nyundo nikiwa kati ya matatu mawili.

Mdau wa Mbagala

Halafu kuna bodaboda wanaolegeza breki ya mbele kabisa, eti inaangusha. Ukibana uzito mwingi unakuja mbele, gurudumu la nyuma linabaki jepesi na kuteleza. Ya mbele ndiyo inayosimamisha. Inaangusha ukiidaka ghafla kwenye mchanga au kona.

Mdau wa Dodoma

Wakuu, mimi nimefunga diski mpya na pedi mpya jana, hewa imetolewa, mkono mgumu vizuri, lakini haishiki kama ya zamani. Nimeuziwa feki?

Mwanzisha mada

Siyo lazima, mkuu. Uliifuta diski kabla ya kufunga? Mpya huwa na mafuta ya kuzuia kutu, yanatakiwa kutolewa kwa spiriti. Kama hukufuta na umeshaendesha, toa pedi uzikague. Kama ulifuta, zinahitaji kuzoeana tu. Tafuta barabara isiyo na watu, nenda mwendo wa 50, bana taratibu hadi 10, achia, ongeza tena mwendo. Rudia mara kadhaa bila kusimama huku umeibana, halafu iache ipoe. Ikikataa bado, weka picha ya pedi hapa tuione.