Mjadala: Kamera za kuona seli za retina, tuzinunue kwa fedha za umma?

Mtoa mada: Wakuu, kila tukizungumzia vifaa vya hospitali za rufaa hakosi wa kusema na sisi tununue zile kamera za retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) zenye kioo kinachojirekebisha. Mimi napinga, kwa sasa na kwa fedha za umma.

Mashine yenyewe siibezi. Mbinu imetoka kwa wanaastronomia, wachunguzi wa nyota; Horace Babcock aliipendekeza mwaka 1953 ili hewa isiwavurugie picha za nyota. Konea (ngozi angavu ya mbele ya jicho) na lenzi ya jicho nazo huvuruga mwanga, na mboni ikitanuliwa kwa dawa ndiyo kabisa. Kwa hiyo kifaa hupima mwanga unaorudi kutoka jichoni, halafu kioo chembamba kinabonyezwa hapa na pale mpaka picha itulie. Mwaka 1997 Liang, Williams na Miller wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walionyesha koni (seli za retina zinazotuonyesha rangi) moja moja za mtu aliye hai. Koni za katikati zina upana wa mikroni 2 au 3 tu, yaani sehemu 2 au 3 za elfu za milimita!

Sasa njoo kliniki. Picha moja hufunika pembe ya nyuzi 1 au 2 tu, na nyuzi moja ni kama milimita 0.3 ya retina. Mgonjwa wa kisukari damu inaweza kuvuja popote. Utaunganisha vipande vingapi? Na mwenye mtoto wa jicho, ambao ndio unaoongoza kwa kupofusha watu Afrika, picha yake itatoka ukungu. Kamera ya kawaida na muuguzi aliyefundishwa wanagundua madhara kwenye jicho la mwenye kisukari kabla hajaanza kulalamika.

Mchangiaji: Mkuu, magonjwa ya retina ya kurithi umeyaruka. Ukihesabu koni unajua tiba inafanya kazi kabla kipimo cha herufi ukutani hakijabadilika. Luxturna, tiba ya jeni ya upofu wa kurithi, ilipitishwa Marekani Desemba 2017, dola 850,000 kwa macho mawili. Wagonjwa wetu wasipopimwa, majaribio yajayo yatatupita.

Mtoa mada: Umechagua mfano unaonisaidia mimi. Kipimo kikuu cha jaribio la Luxturna kilikuwa mgonjwa kupita njia yenye vizuizi kwenye viwango tofauti vya mwanga, hadi hafifu. Na kuipata lazima kipimo cha jeni kithibitishe kasoro ya jeni iitwayo RPE65. Basi tuanze na vipimo vya jeni na rejista ya wagonjwa. Chuo kikipata ufadhili wa utafiti kikanunua hiyo kamera, nitapiga makofi. Bajeti ya dawa isiguswe.

Mchangiaji mwingine: Nyote mnabishana juu ya kununua. Ninapofanya kazi kamera ya kawaida ipo, imefunikwa shuka. Taa ya flashi imekufa, spea haijaagizwa, na wa kisukari tunawaambia warudi mwezi ujao. Fundi analipwa na nani?

Mtoa mada: Hilo liingie kwenye mkataba wa manunuzi: spea, fundi na mafunzo kwa miaka mitano. Muuzaji akikataa, asipewe zabuni.