Miaka kumi na kitu na Steam, sasa marafiki wamehamia Epic. Nyinyi mwanunua gemu za PC wapi?

mwana_tudor

Salaam wakuu. Nisaidieni mawazo manake hili jambo lanikera wiki mbili sasa. Mimi niko Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, tangu 2013, akaunti ileile moja, na nnazo gemu 187 humo ndani, zingine hata sijazifungua lakini ni zangu. Wakati ule sikuwa na kadi, nlikuwa nampelekea pesa taslimu jamaa mmoja wa saiba karibu na Buxton, yeye ndo alikuwa na Visa, ananinunulia na anakata chake mia mbili, mimi narudi nyumbani nashusha gemu siku tatu usiku na mchana kwa modemu ya kuchomeka. Siku hizi nalipa mwenyewe na kadi ya M-Pesa GlobalPay, dakika mbili kazi imeisha.

Sasa, twacheza wanne kila Ijumaa baada ya isha, tangu tuko shule. Wawili wamehamia Epic, duka lengine kama hilo, wasema huko wamejaza gemu za bure na wanapata kuponi, na ile gemu mpya tuliyopanga kucheza pamoja washainunua huko kwa bei ya chini kuliko Steam, tofauti yafika dola 10. Dola 10 kwangu ni bando na tokeni za stima, si kitu cha kutupa. Na bei zenyewe za Steam kwetu ni za dola, randi ya Afrika Kusini wameiweka lakini shilingi yetu bado, kwa hivyo dola ikipanda na gemu yapanda.

Lakini kila nikifika pale pa kulipa kule Epic mkono wakataa. Sasa nawauliza, mnaobaki duka moja mwabaki kwa sababu gani hasa? Ni mapenzi, ni mazoea, ama ni vile vitu mlivyokwisha weka ndani ndo vimewafunga? Nataka jibu la kweli.

FundiMajengo

Waalaikum salaam kijana wangu. Mimi nafungua kompyuta za watu hapa Majengo tangu enzi za Pentium, na nyinyi vijana hamjui kwamba Steam mwanzo haikupendwa hata kidogo. Ilitoka 2003, watu wakaiona mzigo tu, halafu 2004 ikaja gemu ya Half-Life 2, umenunua sidii yako dukani kwa pesa yako, wafika nyumbani waambiwa lazima uingie intaneti ufungue akaunti ya Steam ndo gemu iwake. Intaneti gani Mombasa mwaka huo? Nyaya za intaneti za baharini, TEAMS na SEACOM, zimefika ufuoni kwetu 2009. Sisi tulikuwa twahesabu dakika.

Kilichowageuza watu ni kazi ya miaka, si tangazo. Gemu kujisasisha zenyewe, sevu zako, yani pale ulipofikia, kukaa kwao hata ukibadilisha mashine, zile ofa za kiangazi, na mimi kwa upande wangu naitaja 2015 waliporuhusu kurudisha gemu ndani ya siku 14 kama hujaicheza zaidi ya saa 2. Wajua hiyo ina maana gani kwa mtu wa hapa? Wengi wenu mwatumia kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya, zinashuka Kilindini kwa kontena. Alinijia kijana na moja kama hizo, haina kadi ya grafiksi, amenunua gemu ya dola 30 na yafunguka lakini picha zaganda, ukigeuza kichwa cha mchezaji wangoja. Tukaangalia muda aliocheza, dakika 47. Tukaomba marejesho palepale juu ya meza yangu, feni ya mashine iko pembeni nimeitoa imejaa kutu ya chumvi, na siku chache mbele pesa ikarudi. Kijana huyo mpaka leo hanunui kwengine. Ukiniuliza mimi mteja hujengwa hivyo, siku ana shida, si siku ya ofa.

Na Epic walipokuja Disemba 2018 walisema wao watakata mtengenezaji asilimia 12 tu ya mauzo, Steam walikuwa wakikata 30. Siku chache kabla yao kufungua, Valve wenyewe, ndo wenye Steam, wakatangaza gemu ikipita mauzo ya dola milioni 10 makato yashuka hadi 25, ikipita milioni 50 yawa 20. Kwa hivyo ushindani ulifanya kazi, ila tazama umemfaidi nani: mtengenezaji mkubwa. Sisi bei zetu zilibaki zilezile.

binti_kisauni

Fundi heshima yako lakini hapo kwa kurudisha gemu usiwape Steam peke yao, Epic nao wana siku 14 na saa 2 vilevile.

Mimi naongea kama mtu ambaye hajawahi kulipa hata senti. Niko chuo, pesa ya gemu sina, na hii hadithi ya uaminifu naona ni ya watu wenye pesa ya kuwa waaminifu nayo. Mei 2020 Epic walitoa gemu ya GTA V bure, watu wakamiminika mpaka duka lenyewe likaanguka, mimi nlikuwa nimekaa ngazini kwa shangazi Nyali kwa sababu ndo pana faiba, nabonyeza na kubonyeza mpaka ikakubali saa sita usiku. Kuishusha ni hadithi ingine, zaidi ya giga 90, ningetumia bando ningemaliza pesa ya mwezi mzima kwa kitu cha bure. Tangu hapo kila Alhamisi saa kumi na mbili jioni (msimu wa baridi wakirudisha saa zao nyuma yawa saa moja) nachukua ya wiki. Kuchukua si kushusha, hilo watu hawalielewi, waiweka tu kwa akaunti hata na simu, utaishusha siku ukipata waifai.

Ila sitawasifia kila kitu. Duka lilifunguliwa 2018 na kikapu cha kununulia wakakiweka Disemba 2021, miaka mitatu watu wananunua gemu mojamoja kama mtu anaenda sokoni Kongowea kununua nyanya arudi nyumbani kisha aende tena kwa kitunguu. Na ile ya Metro Exodus iliwauma watu kwa haki, gemu imeshatangazwa Steam, watu washaagiza, imebaki wiki mbili hivi itoke, mwanzo wa 2019, mara inahamishwa Epic peke yake mwaka mzima. Hapo hukushindana na mwenzako kwa kumhudumia mteja, umenunua mlango ukaufunga.

Kwa hivyo kaka wa Tudor kabla hujaumia roho, angalia kwanza kama hiyo gemu ya Steam na ya Epic zachezana, yani wa Steam aweza kucheza na wa Epic. Nyingi za siku hizi zachezana. Imeandikwa kwa ukurasa wa gemu.

mji_wa_kale

Mwagombana juu ya wenye nyumba wawili na nyote ni wapangaji.

Mimi nanunua GOG. Ni duka lililoanzishwa na watu wa CD Projekt wa Poland, walianza 2008 na gemu za zamani, na tofauti ni moja tu lakini ni kubwa: ukinunua unapewa faili la kusakinisha, halina kufuli, unaliweka kwa diski yako na hata duka likifungwa kesho gemu yako yafunguka. Nimekuwa na ugomvi na hili jambo tangu siku nilinunua kodi, ile namba ya kufungulia gemu, ya bei rahisi kwa tovuti moja ya mtu wa kati, nikaiingiza, nikacheza wiki mbili, siku moja naamka gemu imefutwa kwa akaunti. Nikawaandikia hawakujibu mpaka leo. Nikajiuliza, sasa nilichokuwa nimenunua ni nini?

Kisha mkaona wenyewe ya The Crew. Gemu ya 2014, watu walinunua kwa bei kamili, Ubisoft wenye gemu wakazima seva Machi 31, 2024 na baadaye leseni zikaondolewa kwa akaunti za watu. California mpaka wakapitisha sheria mwaka huohuo kwamba duka lisimwambie mtu amenunua kama anachopata ni leseni bila kumweleza, na Steam wakaanza kuandika hivyo pale pa kulipia Oktoba 2024. Fungueni kikapu chenu msome, yako pale chini.

Mimi mwaka juzi kazi ilinihamisha Ukunda, nyumba niliyopata haina faiba, mtandao ni wa simu na ukinyesha watetereka. Diski yangu ya tera mbili nliifunga kwa taulo, nikaitia ndani ya mfuko wa nailoni juu ya taulo kwa sababu ya unyevu, nikapanda feri Likoni nayo nimeipakata kama mtoto. Nikafika, nikachomeka, gemu 61 ziko, sikuomba ruhusa ya mtu wala sikutumia hata mega moja. Sisemi GOG wana kila kitu, gemu mpya kubwa nyingi hazifiki huko na za kucheza na marafiki ni chache, hilo nakubali. Lakini kwa gemu ya hadithi ya kucheza peke yako sioni kwa nini mtu wa pwani anunue kwengine.

mwana_tudor

@binti_kisauni shukran dada, nimeangalia, zachezana. Yani naweza kubaki Steam na bado tucheze wanne. Sasa imebaki ile dola 10 na ule ubishi wa moyo wangu.

@mji_wa_kale umenigusa. Lakini nikiwa na gemu 187 kwa Steam, nikianza kununua tena GOG si nalipa mara mbili?

mji_wa_kale

Usinunue tena. Za zamani ziache zilipo. Naongea juu ya pesa ambayo haijatoka mfukoni.

bahari_usiku

Mimi huwa nasoma tu lakini leo wacha niandike.

Kaka yangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Tulikuwa twacheza pamoja Steam, yeye chumba cha nyuma mimi sebuleni, twapiga kelele mpaka mama anagonga ukuta. Kwa orodha yangu ya marafiki jina lake bado liko, chini yake pameandikwa siku ngapi tangu alipoingia mara ya mwisho, na hiyo namba kila siku yaongezeka moja. Paswadi yake nnayo, aliiandika kwa daftari la hesabu kwa mwandiko wake. Kwa masharti yao akaunti hairithiwi, Steam hawaruhusu kumpa mtu mwengine hata kwa wasia, nimesoma. Kwa hivyo sijaingia, naogopa nikiingia ile namba itarudi sifuri na ntakuwa nimemfuta.

Mwauliza kwa nini mtu habanduki dukani. Mimi Epic nnayo na GOG nnayo, nanunua popote penye bei nzuri. Lakini nikiwasha kompyuta nafungua Steam kwanza, hata kama gemu ya siku hiyo haiko humo. Gemu ya duka lengine nayo naiongeza kwa orodha ya Steam, kuna sehemu ya kuongeza gemu isiyo yao, ili nikicheza nionekane niko mtandaoni pale alipo yeye. Si kwa ajili ya kampuni. Kampuni hainijui.

binti_kisauni

Mungu amrehemu. Pole sana kwa msiba.

FundiMajengo

Innalillahi. Pole mwanangu. Usiingie kama moyo hautaki, hakuna anayekuharakisha. Ila hiyo daftari ipige picha uiweke mahala pazuri, karatasi na unyevu wa kwetu haviwezani, na wino wa kalamu hufifia.

bahari_usiku

Nishaipiga, Fundi. Iko pahala tatu. Shukran.

mwana_tudor

Pole sana ndugu yangu. Nimesoma ujumbe wako nikatulia, nikaenda kuangalia orodha yangu ya marafiki nikaisoma yote kutoka juu mpaka chini. Kuna mtu humo tulicheza naye 2014 kila siku, sasa sijui yuko wapi, nimemwandikia salaam.

Nimeinunua ile gemu Epic. Nimeiongeza kwa orodha ya Steam kama ulivyosema na imefunguka vizuri, jana tulikuwa wanne mpaka saa saba usiku. Wale wawili walifurahi, mmoja akasema angejua ningechukua muda hivi angenilipia yeye. Akaunti yangu ya Steam iko palepale, sijafunga kitu. Dola 10 iliyobaki sijaila, kuna gemu moja ya zamani nlikuwa nacheza kwa binamu yangu Changamwe kwa sidii iliyokopwa, nimeiona GOG iko ofa, naichukua hiyo na nataka faili lake nilihifadhi kama mji_wa_kale.

Sasa natafuta diski. Fundi, unazo za nje zile za tera moja? Na mashine yangu yaingiza vumbi, feni yalia. Jumamosi wafungua saa ngapi?

FundiMajengo

Saa tatu asubuhi. Diski nnazo mbili zimebaki, moja nitakuwekea. Njoo na mashine pamoja na waya wake wa stima, na uje mapema kabla ya adhuhuri, nikishaanza kazi ya mtu mwengine siiwachi katikati.