Meneja amecheka ripoti yangu: "The guest had to lose the key". Nimekosea wapi?

Binti wa Mapokezi

Wakuu, habari za usiku. Naandika nikiwa zamu, wageni wameshalala, mnivumilie nikikatika katikati.

Niko mapokezi kwenye hoteli moja hapa Arusha, mwezi wa nne sasa. Nimesoma shule ya kata, Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Mgeni akija tunaongea na tunaelewana, mikono inasaidia. Shida ni daftari la zamu. Kila asubuhi inabidi niwe nimeandika kwa Kiingereza yote yaliyotokea usiku, na meneja analisoma kabla hajanywa chai.

Juzi mgeni mmoja alirudi saa saba usiku hana ufunguo. Tukapekua gari, tukapekua koti, hakuna. Nikamfungulia kwa ufunguo wa akiba. Asubuhi nikaandika: "The guest had to lose the key at the restaurant." Nilitaka kusema lazima aliupotezea mgahawani, maana ndiko alikotoka. Na nilikuwa na uhakika, nilikumbuka ubao wa kidato cha pili kabisa: must, wakati uliopita had to. Meneja akacheka mpaka akavua miwani. Akaniuliza, "Nani alimlazimisha?" Sasa hivi jikoni kijiko kikipotea wanasema had to lose.

Nikarudi kurasa za nyuma nikakuta siyo kosa moja. Haya mengine:

"Housekeeping could lock the store." Nilimaanisha si wangefunga tu stoo, hawakufunga.
"I should call the driver yesterday but I forgot."
"Last night I could start the generator." Hii sijui hata kama ina kosa.

Nina jedwali langu la can-could, may-might, shall-should, will-would. Nimelikariri kama jedwali la kuzidisha, na naona ndilo linaloniponza. Hela ya kozi sina. Nafanyaje mazoezi ya hivi vitenzi, vya sasa na vya wakati uliopita, mpaka viingie kichwani? Natanguliza shukrani.

Kijiwe Hakilali

Mimi namtetea mgeni. Huenda kweli alilazimishwa. Wewe unajua alikuwa na nani huko mgahawani?

Msomi wa Jioni

Dada mbona rahisi. Wakati uliopita weka have baada ya hicho kitenzi. Must have, should have, could have. Kila mahali. Mimi hivyo ndivyo ninavyofanya na sijawahi kuchekwa.

Mwalimu Mstaafu

Msomi, hujachekwa kwa sababu waliokusikia walikuonea haya. Ukitaka kusema jana ilibidi uende benki ukasema "I must have gone to the bank", umesema kwamba hukumbuki ulikuwa wapi na unahisi ulikuwa benki. Hayo ni maneno ya mlevi asubuhi.

Binti, nimefundisha somo hili miaka mingi, na jedwali lako nimeliandika ubaoni mimi mwenyewe mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kosa letu walimu ni kukufundisha uanze na neno la Kiingereza na kulitafutia wakati uliopita. Anza na Kiswahili chako. Jiulize kwanza, hapa nasema nini?

Neno letu "lazima" lina kazi mbili. Kuna lazima ya shuruti, "lazima aende", na kuna lazima ya kukisia, "lazima aliupotezea huko". Ukitaka kuzitenga, ingiza neno jingine mahali pake uone lipi linakaa. Likikaa "ilibidi", andika had to. Likikaa "atakuwa", andika must have. Mgeni ilibidi aupoteze ufunguo? Hapana. Mgeni atakuwa ameupoteza? Naam. Basi ni "The guest must have lost the key." Kipimo hiki hata kwa sasa kinafanya kazi: "atakuwa amelala" ni "he must be asleep", wala usiseme "he will be sleep".

Kwa nini must inasumbua peke yake? Could asili yake ni wakati uliopita wa can, might wa may, should wa shall, would wa will. Must yenyewe, katika Kiingereza cha kale, ilikuwa tayari umbo la wakati uliopita. Watu wakaanza kuitumia kwa mambo ya sasa, ikahamia huko moja kwa moja, ikabaki haina pa kurudi nyuma. Ndiyo maana shuruti ya jana inaazima had to.

Stoo sasa. "Si wangefunga tu stoo!" Hiyo "si" yetu yenye -nge- ndani yake ni lawama: nafasi ilikuwepo, haikutumika. Kiingereza chake ni "They could have locked the store." Wewe uliandika "could lock", maana yake walikuwa na uwezo wa kufunga, labda funguo walikuwa nazo, na hadithi ikaishia hapo. Na hapa Kiswahili cha mtaani kinatuponza. Wazee walitenga "ningefunga" ya sasa na "ningalifunga" ya jana. Siku hizi tunasema "ningefunga" kwa vyote, iwe leo iwe mwaka juzi, na tunaelewana. Kiingereza hakijaacha kuzitenga. Ukiona -nge- yako ungeweza kuigeuza -ngali-, ujue have inahitajika.

Dereva: "I should have called the driver." Kiswahili "nilitakiwa kumpigia" hakisemi kama ulimpigia au la, msikilizaji anasubiri. "Should have called" imekwisha kukiri kwamba hukupiga. Kwa hiyo hata ile "but I forgot" ni ya kueleza sababu tu.

Na baada ya have ni safu ya tatu ya ule wimbo wa go-went-gone. Sikuzote. "Must have went" inaniumiza masikio mpaka leo, na nimestaafu.

Jedwali lako usilitupe. Linafaa sana ukinukuu maneno ya mtu. Mgeni amekwambia "I will pay in the morning", wewe unaandika "He said he would pay in the morning." Can inakuwa could, may inakuwa might. Sisi tukinukuu hatubadilishi, "alisema atalipa", kwa hiyo mkono unasahau.

Binti wa Mapokezi

Shikamoo mwalimu. Nimesoma mara tatu. Hiyo ya "ilibidi" na "atakuwa" nimeiandika kwenye jalada la ndani la daftari. Jenereta je?

Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Jenereta: "I was able to start the generator", au "I managed to start it". Could ya wakati uliopita ni ya uwezo uliokuwa nao kwa ujumla: "When I was ten I could swim." Tukio moja ulilolifanikisha, usiku ule, kwa mikono ile, lina was able to. Ukikanusha, tofauti inayeyuka: "I couldn't start it" ni sawa kwa yote mawili. Vitenzi vya kuona na kusikia navyo vinasamehewa, "I could hear the bell" hata kwa usiku mmoja.

Pwani Mchangani

Assalamu alaykum. Dada'angu usione haya, mie yangu kubwa kuliko yako. Mwaka wangu wa mwanzo hoteli za Nungwi, mgeni kakaa mezani, maji tunatoa bure. Nikamwambia "You must not pay for the water", nikikusudia si lazima alipe. Mgeni kanitazama, chupa kaiweka chini taratibu, hakuigusa tena hadi alipoinuka. Baadaye kamuuliza mwenzangu haya maji yana kitu gani.

Nikaja kuambiwa kuwa must not ni marufuku. Si lazima ni don't have to. Na ikiwa ni jambo la jana, "you didn't have to pay" hukulazimika, na "you weren't allowed to" ulikatazwa. Mustn't haina jana yake.

Halafu kuna needn't have. Mgeni akikuletea zawadi kutoka kwao, mwambie "You needn't have." Yaani hukuwa na haja lakini ushaleta. "You didn't need to" haisemi kama kaleta au hakuleta. Mie hii ya kwanza naitumia sana, bakshishi inapokuja.

Kijiwe Hakilali

Unasema "needn't have" huku mkono umeshanyooshwa.

Simu Mkononi, Mombasa

Habari dada. Mimi hupokea simu za malalamiko kazini kwetu, kutwa ni "you should have told me" sikioni. Nitaongezea la matamshi. Mzungu hasemi should have kwa utulivu, husema "shudav", "kudav", "mastav". Ukizingoja zile have nzimanzima hutazisikia kamwe. Hiyo "av" hufanana na of, ndiyo maana utaona hata wenye lugha yao wakiandika "should of" mitandaoni. Usiige, kwenye ripoti ni aibu.

Zoezi langu ni hili. Nikishuka matatu jioni natembea kama dakika kumi hadi nyumbani. Nachukua jambo moja lililoniudhi siku hiyo nalizungusha mdomoni. Leo konda alinirudishia chenji pungufu: I should've counted it. He must've known. I could've shouted. I couldn't go back. Jambo moja, sentensi nne au tano, kwa sauti. Watu wakinitazama naweka simu sikioni. Nimejaribu kukariri orodha za vitabu na zimenitoka zote, lakini konda yule sitamsahau.

Msomi wa Jioni

Mwalimu nimekubali yaishe. Swali: ukikisia kwamba jambo halikutokea, ni mustn't have?

Mwalimu Mstaafu

Andika can't have. "She can't have left, her bag is here." Haiwezekani awe ameondoka. Ukiwa huna uhakika upande wowote, "huenda", andika may have au might have.

Na hapo Binti nakuomba jambo la kikazi zaidi kuliko la sarufi. Must have ni neno zito. Ukiandika mgeni must have lost the key, umeshahukumu. Ufunguo ukikutwa chini ya mto wake au, Mungu apishe mbali, mfukoni mwa mhudumu wenu, maandishi yako yapo. Daftari la kazi linapenda "may have left it". Makisio makali yaache kijiweni.

Kesho lete sentensi tano za mambo yaliyokutokea kweli, nizisahihishe.

Binti wa Mapokezi

Sijasubiri kesho, zamu ni ndefu. Hizi hapa.

1. The power went off and I had to carry the bags upstairs.
2. The watchman must have slept because he didn't hear the bell.
3. The guest in the corner room might have went out.
4. I was able to open the safe after three times.
5. The taxi can't have come, nobody opened the gate.

Mwalimu Mstaafu

Ya kwanza sina la kusema. Ya pili inaeleweka, lakini "must have been asleep" ni bora: humlaumu kwa kulala usiku kucha, unasema wakati kengele inalia alikuwa usingizini. Ya tatu, soma tena wimbo wako, safu ya tatu. Ya nne badili mwisho tu, "after three attempts". Ya tano umenifurahisha, kisio lina sababu yake pembeni.

Kwa wiki moja fanya hivi: kila tukio liandike mara mbili. Kwanza kama linatokea sasa hivi, kisha kama lilitokea jana. "He must be in the bar. He must have been in the bar." "I have to wake him. I had to wake him." "You should lock it. You should have locked it." Usiandike ya pili kabla hujaisema ya kwanza kwa Kiswahili. Siku ya nne au ya tano mkono utaanza kutangulia kichwa.

Simu Mkononi, Mombasa

Na umsomee meneja. Aliyecheka ndiye atakayekusahihisha bure.

Binti wa Mapokezi

Meneja ni mcheshi, hana ubaya, nitamsomea. Ngoja niwaonyeshe niliyoandika sasa hivi kwenye daftari kabla sijafunga:

"The guest in room 12 said he would pay in the morning. I should have asked for a deposit. He can't have left, his shoes are outside the door."

Mwalimu, vipi?

Mwalimu Mstaafu

Sarufi safi kabisa. Sioni pa kugusa.

Kijiwe Hakilali

Swali la mtu asiyejua Kiingereza: una uhakika ni viatu vyake?

Binti wa Mapokezi

Ngojeni nipande ngazi.