Kababu za kuku za kuoka kwa wageni 40: kidari, mapaja au kienyeji?

MamaPacha_Nakuru (Jumatatu, saa 3 usiku)

Hamjambo wapishi wenzangu. Shemeji yangu anafuzu Chuo Kikuu cha Egerton mwezi huu, na tumeamua kula hapa nyumbani, mtaa wa Section 58, badala ya kukodi ukumbi. Wageni ni 40. Nusu yao wanatoka Kakamega, watafika wamechoka na wana njaa, kwa hivyo nataka kitafunio cha kuwapokea wakati chakula chenyewe kinamaliziwa: kababu ndogo za kuku, za mviringo, za kudunga kwa kijiti cha meno. Nataka za kuoka. Wazee watatu wana sukari na presha, na siku hiyo siwezi kusimama juu ya karai la mafuta.

Nimejaribu mara mbili. Kwanza kidari kitupu cha broila: zilitoka kavu kama chaki. Kisha mapaja: tamu kweli, lakini zilimwaga mafuta kwenye trei zikalala bapa. Sasa mama mkwe anashauri nitumie kuku wa kienyeji. Mngechagua nini? Oveni yangu ni ya gesi na inaingia trei moja tu.

Kondele_Jikoni (Jumatatu, saa 3:40 usiku)

Mapaja, bila kufikiri mara mbili. Ila ulisahau kuyasafisha. Toa ngozi yote, halafu utafute yale mafuta ya manjano yaliyojificha chini yake na karibu na mfupa, uyatoe kwa ncha ya kisu. Hayo ndiyo yaliyoogelea kwenye trei yako. Pia wacha mchanganyiko ukae kwenye friji nusu saa kabla ya kuviringa. Ukiwa na joto la mikono lazima zilale.

Na nimtetee kidogo anayekaanga: kababu ya karai ina ganda ambalo oveni haijawahi kunipa. Lakini kwa wazee wenye presha nakubaliana nawe.

Mwalimu_SayansiKimu (Jumanne, saa 12 asubuhi)

Dada, shida zako zote mbili zina dawa moja. Kidari kilichoiva bila ngozi kina karibu gramu 3.6 tu za mafuta katika kila gramu 100. Paja lina mara mbili au tatu ya hizo. Nyama ikipata moto, protini zake hukazana na kukamua maji nje, na kidari hakina mafuta ya kuuficha ukavu huo. Usiongeze mafuta. Ongeza mkate.

Kwa kila kilo ya nyama, chukua vipande viwili vya mkate, toa kingo, loweka kwenye nusu kikombe cha maziwa kwa dakika 10, kisha ponda hadi uwe uji mzito. Wanga wa mkate unayashika maji yasitoroke, na unazuia nyuzi za nyama zisishikamane. Kwenye uji huo tia yai 1, kitunguu kilichokunwa na kukamuliwa maji, saumu, tangawizi, dania nyingi, pilipili manga, na chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai. Koroga vyote KWANZA. Nyama iingie mwisho, na ukishaitia, changanya kwa ncha za vidole hadi usione tena mkate mweupe, basi, toa mkono. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, kwa sababu tumezoea kukanda chapati. Chumvi ikikutana na nyama inayokandwa sana, nyama inanata na kuwa kama mpira. Soseji inataka hivyo; kababu laini haitaki.

Moto nyuzi 200, dakika 18 hadi 20, ikiwa kila moja ina gramu 30, sawa na ndimu ndogo. Katikati ifike nyuzi 74. Usiamini rangi peke yake, nyama ya kuku iliyosagwa inaweza kubaki na wekundu hafifu hata ikiwa imeiva, na inaweza kuwa nyeupe kabla haijaiva. Kipimajoto cha nyama kitakuondolea wasiwasi.

Kwa wazee wako, mimi ningetumia kidari chote.

MamaPacha_Nakuru (Jumanne, saa 2 asubuhi)

Asante sana Mwalimu. Lakini mkate kwa mtu wa sukari?

Mwalimu_SayansiKimu (Jumanne, saa 2:20 asubuhi)

Swali zuri. Kilo moja ya nyama pamoja na viungo hivyo inatoa kababu kama 44. Mzee akila tatu, amekula karibu sehemu moja ya saba ya kipande cha mkate. Chapati na soda zitakazokuja baadaye ndizo za kuangalia. Ukipenda, tumia mkate wa ngano isiyokobolewa, nao unashika maji vizuri.

Ingokho_Kakamega (Jumanne, saa 4 asubuhi)

Naomba niseme kama mtu wa nyumbani kwa hao wageni. Mama mkwe wako amesema kienyeji kwa upendo, ila mama, tafadhali usimsage. Kwetu kuku ni heshima, na heshima hiyo inaonekana kwenye vipande: mgeni aone paja, aone kidari, na firigisi, yaani imondo, imfikie mzee anayestahili. Jogoo akishakuwa kababu, imondo ya mzee itatoka wapi?

Hata tukiweka mila kando, kuku aliyezunguka boma kwa miezi mingi ana misuli iliyokomaa. Anataka sufuria, moto mdogo na saa nzima au zaidi ndipo alainike na kutoa ule mchuzi. Dakika 20 za oveni hazimfikii, na mashine ya kusaga itakupa nyuzi ngumu zinazokwama kwenye meno. Kababu fanya za broila. Kienyeji mpike mchuzi, umpakue kwa ugali, wageni wetu watajua wamepokelewa.

Trei_Moja (Jumanne, saa 7 mchana)

Niko Nakuru pia, na oveni kama yako. Hesabu kwanza: wageni 40, kila mmoja tatu, ni kababu 120. Utahitaji kilo 3 za nyama bila mifupa. Broila wa kilo moja na nusu hutoa kama gramu 700 za nyama, kwa hivyo ukinunua wazima tafuta wanne au watano, na mifupa uichemshie supu.

Kusaga ndiko kulinisumbua mimi. Bucha niliyoenda walitaka kutumia mashine waliyotoka kusagia nyama ya ng'ombe bila kuiosha, nikarudi na kuku wangu. Sasa nasaga nyumbani kwa kisu: nakata nyama vipande, naitia kwenye friza dakika 40 hadi iwe ngumu nusu, kisha naikatakata kwa kisu kizito. Blenda usiiguse, inageuza nyama kuwa gundi.

Ziviringe siku mbili mapema. Zipange kwenye trei zisigusane, zigande kwenye friza, ndipo uzitie kwenye mfuko. Siku ya sherehe unaziingiza kwenye oveni zikiwa zimeganda, unaongeza dakika 8 hivi, na unakagua moja katikati kwa kipimajoto. Trei inachukua 40, kwa hivyo ni awamu tatu. Anza saa moja na nusu kabla ya wageni.

BilaOveni_Busia (Jumanne, saa 11 jioni)

Kwa wasio na oveni wanaosoma hapa: sufuria kubwa, mchanga safi mkavu chini kimo cha vidole viwili, jiko la makaa. Funika, upashe mchanga moto dakika 20. Weka trei ndogo ya kababu juu ya vijiwe, funika tena na uweke makaa machache juu ya kifuniko. Bila hayo ya juu zitaiva bila kupata rangi. Mimi huzigeuza mara moja. Zinachukua kama nusu saa, na stima ikipotea usiku hainisumbui.

Kondele_Jikoni (Jumanne, saa 2 usiku)

Mwalimu amenishawishi kuhusu mkate, ila kidari chote bado nakataa. Changanya nusu kwa nusu.

Jambo jingine: zikishaiva zisikae mezani zaidi ya saa mbili. Huku Kisumu mchana wa joto mimi naziondoa baada ya saa moja. Toa kila awamu ikiwa moto badala ya kuzirundika zote. Na tafuta ukwaju, chwaa tunavyouita huku. Loweka kwenye maji ya moto, chuja, tia pilipili, chumvi kidogo na saumu. Ule uchachu unafanya kababu isiyo na mafuta isihisike kama chakula cha mgonjwa.

MamaPacha_Nakuru (Jumapili, saa 10 jioni)

Nimejaribu jana, trei moja imegawanywa: 20 za kidari kitupu na mkate, 20 za nusu kwa nusu na mkate. Watu tisa wameonja bila kuambiwa. Za kidari zilikuwa laini, tofauti kabisa na chaki yangu ya kwanza, na zilikaa duara. Lakini sita walichagua nusu kwa nusu, akiwemo baba mkwe, ambaye ndiye mwenye presha. Trei ilitoa mafuta kidogo mno, nikayafuta kwa karatasi. Chumvi nimepunguza hadi kijiko kimoja cha chai kwa kilo, ukwaju umefidia.

Kwa hiyo nitatengeneza 80 za nusu kwa nusu na 40 za kidari, nizipange kwenye sahani mbili, za wazee zidungwe vijiti vya kijani. Alhamisi naviringa, Jumamosi naoka.

Ingokho, nimezungumza na mama mkwe. Ameleta majogoo watatu wa kienyeji na amesema mchuzi ataupika mwenyewe. Firigisi zote tatu ziko kwenye bakuli lao, zimefunikwa, na ameniambia nisiziguse.