Katiba ya Marekani ya 1787: ililinda uhuru wa mtu au ilikusanya madaraka?

Msomaji wa Usiku (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kuna jambo katika historia ya katiba ya Marekani ambalo limenikaa kooni kwa wiki kadhaa. Waliberali wa asili, yaani waliofuata mawazo ya akina John Locke na Montesquieu, walishikilia kwamba serikali imewekwa ili ilinde uhai, uhuru na mali ya mtu, na kwamba mlinzi huyo naye hana budi kuwekewa mipaka, maana mwenye rungu hageuki malaika kwa kuitwa mlinzi. Wamarekani waliomkataa mfalme wa Uingereza mwaka 1776 waliyajua mawazo hayo kwa ghibu. Miaka 11 baadaye wajumbe 55 wakakutana Philadelphia kwa masharti ya usiri. Walikuwa wametumwa kuurekebisha tu Mkataba wa Shirikisho, yaani katiba ya kwanza iliyoyaunganisha majimbo 13, lakini mwezi Septemba wakatoka na katiba mpya kabisa, yenye serikali kuu inayoweza kutoza kodi, kuunda jeshi na kutunga sheria zinazozishinda zile za majimbo.

Wapo wanaoiita katiba hiyo kilele cha uliberali, na wapo wanaoiita mapinduzi ya kimyakimya. Swali langu ni hili: madaraka tunayoyaona yamerundikana Washington leo yalitokana na kuivunja katiba, au mbegu yake ilikuwamo tangu siku ya kwanza? (Naomba ule mjadala wetu wa majimbo hapa Kenya tuuachie uzi mwingine. Una machungu yake, na ukiingia hapa hatutarudi tena Philadelphia.)

Wakili Mstaafu

Mbegu ilikuwamo, na kwa maoni yangu unaweza kuinyoshea kidole, kwa sababu ni neno moja. Ibara ya pili ya Mkataba wa Shirikisho, ulioanza kutumika Machi 1781, ilisema kwamba kila jimbo linabaki na mamlaka yake pamoja na kila uwezo ambao haukukabidhiwa *waziwazi* kwa Bunge la pamoja. Rekebisho la 10 la katiba mpya, lililothibitishwa mwaka 1791 ili kuwatuliza waliokuwa na hofu, linasema karibu jambo hilohilo, ila neno "waziwazi" halimo.

Wala halikusahaulika. Bunge lilipoyajadili marekebisho hayo mwaka 1789, Thomas Tudor Tucker wa South Carolina aliomba liingizwe. James Madison, mmoja wa watungaji wakuu wa katiba, akampinga, akieleza kwamba serikali haiwezi kubanwa katika mamlaka yaliyotajwa kwa jina tu. Ni lazima yawepo mengine yanayofahamika kutokana na hayo, la sivyo katiba ingelazimika kutaja kila jambo dogo. Hoja ya Tucker ikaanguka.

Tazama matunda yake. Jimbo la Maryland lilikuwa likitaka kodi kutoka kwa tawi la Baltimore la Benki ya Marekani, na hakuna mahali popote ambapo katiba inasema Bunge laweza kuanzisha benki. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu mwaka 1819, Jaji Mkuu John Marshall alikumbusha kwamba neno lile liliachwa nje, akalisoma pengo hilo pamoja na kifungu kinacholiruhusu Bunge kutunga sheria zote "za lazima na zinazofaa", kisha akaamua kwamba benki ni halali na kwamba jimbo halina haki ya kuitoza kodi. Nimeandika mikataba ya watu kwa miaka mingi, na nimejifunza kwamba neno likitoweka katika rasimu ya pili hupaswi kumuuliza mwandishi kama amekosea. Muulize anataka nini.

Bint Kisimani

Mzee wangu Wakili, kuhusu hilo neno sina ubishi nawe, ila umeiruka dhiki iliyowapeleka watu Philadelphia. Chini ya Mkataba wa Shirikisho, Bunge halikuwa na uwezo wa kutoza kodi. Liliyaomba majimbo fedha, nayo yakatoa yalipopenda. Lilipopendekeza ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingia nchini ili kulipa madeni ya vita, jimbo dogo la Rhode Island lilikataa, na kwa kuwa ridhaa ya majimbo yote 13 ilihitajika, mpango ukakwama hapo.

Kisha njoo Massachusetts mwaka 1786. Wakulima wa magharibi ya jimbo, wengi wao wakiwa wamepigana vita vya uhuru, walidaiwa kodi na madeni kwa sarafu ambazo hawakuwa nazo, mahakama zikawa zinawanyang'anya mashamba. Wakajikusanya, Daniel Shays akiwa miongoni mwa viongozi wao, wakazuia mahakama zisifunguliwe, na Januari 1787 wakaenda kuivamia ghala ya silaha ya Springfield, ambako walirudishwa kwa mizinga. Sasa jiulize ni nani aliyekuwa akiwabana wakulima hao. Ilikuwa serikali ya jimbo lao wenyewe, pale Boston, kwa kodi zilizopitishwa na wawakilishi wao. Madison alilifikiri sana jambo hili. Montesquieu alikuwa amefundisha kwamba jamhuri hudumu ikiwa ndogo; Madison akaigeuza hoja hiyo kichwa chini, akidai kwamba katika nchi ndogo kundi moja huweza kuiteka serikali kwa urahisi, ilhali katika nchi pana makundi ni mengi mno kiasi cha kuzuiana.

Na kuna jambo ambalo wapenzi wa mamlaka ya majimbo hulipita haraka. Utumwa ulilindwa na sheria za majimbo. Mwaka 1957 gavana wa Arkansas aliwatumia askari wa jimbo kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie katika shule ya sekondari ya Little Rock, na aliyewafungulia mlango ni Rais Eisenhower kwa wanajeshi wa serikali kuu. Uliberali ukimlinda raia dhidi ya Washington na kumwacha mikononi mwa gavana, sioni amelindwa na nini.

Mkulima wa Mbozi

Nimewasoma nyote wawili kwa makini. Dada, dhiki ya 1787 ilikuwa ya kweli, na Little Rock hainyamazishiki kwa hoja yoyote. Lakini kuna umbali mkubwa kati ya kumfungulia mtoto mlango wa shule na kumhesabia mkulima ngano ya kuku wake.

Sisemi kwa mafumbo. Roscoe Filburn alikuwa mkulima wa Ohio, mwenye ng'ombe wa maziwa na kuku. Sheria ya kilimo ya mwaka 1938 ilikuwa imeweka mgawo wa ngano ili bei isiporomoke, na yeye aliruhusiwa kupanda eka 11.1. Akapanda 23. Katika eka za ziada alivuna busheli (kipimo cha nafaka) 239, akatozwa faini ya senti 49 kwa kila busheli, jumla dola 117 na senti 11. Alijitetea kwamba ngano ile ilikuwa ya matumizi ya shambani kwake: chakula cha mifugo, unga wa nyumbani na mbegu za msimu ujao. Katiba inalipa Bunge uwezo wa kusimamia biashara baina ya majimbo, na ngano iliyoliwa na kuku wa Filburn haikuvuka hata barabara. Mwaka 1942 Mahakama ya Juu iliamua, bila jaji hata mmoja kupinga, kwamba mtu akila ngano yake haendi kununua sokoni, na wakifanya hivyo wengi soko la nchi nzima litatikisika. Kwa hiyo Bunge lina mamlaka juu ya ngano hiyo.

Mimi nalima mahindi na kahawa. Nikiipeleka hesabu hiyo ghalani kwangu, hakuna debe ambalo serikali haitakuwa na neno juu yake.

Wakili Mstaafu

Mkulima, umenikumbusha mtu aliyeyaona haya mapema. Oktoba 1787, kabla katiba haijapata hata kibali cha jimbo moja, makala za mtu aliyejiita Brutus zilianza kuchapishwa New York. Wanahistoria wengi hudhani alikuwa Robert Yates, jaji aliyeondoka Philadelphia mwezi Julai kwa kutopendezwa na mkutano ulikokuwa ukielekea. Brutus alitabiri kwamba majaji wa juu wasio na wa kuwasahihisha wangeipanua katiba kwa tafsiri, kidogo kidogo, na kwamba kila wakiipanua wangeongeza pia uwezo wa mahakama yao.

Kwa haki, niseme kwamba majaji waliwahi kurudi nyuma. Mwaka 1995, kwa kura 5 dhidi ya 4, walibatilisha sheria iliyokataza kubeba bunduki karibu na shule, wakisema hiyo si biashara baina ya majimbo. Mwaka 2012, katika kesi ya bima ya afya, Jaji Mkuu John Roberts alisema Bunge haliwezi kutumia uwezo wa biashara kumlazimisha mtu kununua bima. Halafu yeye na wenzake wanne wakaipitisha sharti hiyohiyo kwa kuwa faini yake yaweza kuhesabiwa kuwa kodi.

Dada atanisamehe, maana najua Bunge lisilo na kodi lilifika wapi. Lakini katika makala yake ya kwanza kabisa, kifungu cha kodi ndicho Brutus alichokisema hakina mpaka.